Hilux ya kahawa: shajara ya kufunga LSD kwenye difu ya nyuma, Mbale

Jumamosi, 11 Januari 2025

Nimeamua. Kabla mvua za Machi hazijaanza, difu ya nyuma ya Hilux yangu, yaani gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya ekseli, itafunguliwa na itafungwa LSD, difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure. Jambo hili linanizunguka kichwani tangu Oktoba, sasa nalianzia daftari.

Gari ni modeli ya LN106 ya kebini moja, injini iitwayo 3L (jina tu), dizeli ya lita 2.8, ekseli nzima mbele na nyuma. Hapa Mbale magari haya yamejaa, kila njia ya Elgon utayakuta. Kazi yake ni kuteremsha kahawa. Wakulima wa juu ya Budadiri huvuna arabika yao, huiosha, huianika, mimi hupanda kuichukua na kuileta mjini kwa wakoboaji.

Oktoba iliyopita nilikwama nikiwa na magunia 14 nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri, na udongo mwekundu wa huko ukilowa huwa kama sabuni. Kushoto kwangu palikuwa na ukingo wa shamba la ndizi, kulia mtaro uliochimbwa na maji. Gurudumu la nyuma la kulia likateremka mtaroni, gari likalala upande, na gurudumu la mbele la kushoto likawa jepesi. Nilikuwa nimeshaweka 4x4, tena kwenye gia ndogo. Nikakanyaga mafuta. Magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, yakazunguka yakirusha tope hadi juu ya kebini. Yale mengine mawili, yaliyokuwa yamekanyaga ardhi vizuri, hayakusogea hata kidogo. Nilishuka nikayatazama. Yalikuwa yamesimama kimya kama yamefungwa breki.

Watu wengi hudhani 4x4 maana yake ni magurudumu manne yanasukuma. Maana yake ni ekseli mbili zinasukuma. Ndani ya kila ekseli, difu ya kawaida huzigawia pande zote mbili nguvu sawasawa, na hapo ndipo penye tatizo: upande unaoteleza hauwezi kupokea nguvu nyingi, kwa hiyo na upande wenye kushika hupewa hiyo hiyo kidogo. Gurudumu dhaifu ndilo linaloamua.

Tulitoka pale saa nne usiku, kwa majembe, mawe na vijana wanane wa kijijini. Taniboi wangu ni mzaliwa wa Bududa. Usiku ule nilimwona hatazami gurudumu, anatazama mlima juu yetu. Sikumuuliza. Alikuwa mtoto tarehe 1 Machi 2010, mlima ulipoporomoka Nametsi, huko huko Bududa. Na mwezi mmoja tu baada ya sisi kukwama, mwishoni mwa Novemba, ardhi ikaporomoka Bulambuli, jirani kabisa na njia zetu. Tangu hapo sitaki tena kusimama usiku chini ya kilima kilicholowa eti kwa sababu gurudumu moja linazunguka bure.

Jumamosi, 18 Januari

Wiki nzima nimezunguka gereji za mjini nikiuliza. Nimepewa njia nne.

Ya kwanza ni kuchomelea spaida, gia ndogo zilizo ndani ya difu. Kijana mmoja hapa gereji aliniambia ataifanya mchana mmoja kwa shilingi 50,000: unafungua difu, unazichomelea gia za spaida ziwe kitu kimoja, unafunga. Magurudumu ya nyuma yatazunguka pamoja siku zote. Matopeni inafanya kazi, nakubali. Lakini difu iliwekwa kwenye gari kwa sababu. Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani, na tangu Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipopata hataza yake mwaka 1827 hakuna aliyepata njia ya kuikwepa hesabu hiyo. Ukizichomelea, kwenye kila kona moja kati ya matairi lazima lisuguliwe barabarani, na hafushafti (shafti inayotoka kwenye difu hadi gurudumu) hubeba msokoto huo. Gari langu linashuka kona za lami kutoka Kapchorwa, mara nyingine lami ikiwa imelowa. Nimekataa.

Ya pili ni LSD ya sahani, ile ambayo Toyota wenyewe waliifunga kwenye baadhi ya magari. Kwenye soko la vipuri la Kisekka, kule Kampala, huwezi kukosa ya mtumba ukivumilia. Ndani yake mna sahani nyembamba zinazobanana kama klachi. Nzuri, lakini sahani hulika, hudai oili yenye dawa yake maalumu, na ya mtumba hujui imebakiza nini mpaka uifungue.

Ya tatu ni loka ya hewa. Hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote matopeni kwa kuwa inafunga asilimia mia, unaifungua ukifika lami. Inataka kompresa, mipira ya hewa, swichi, na bei iko mbali na mfuko wangu.

Ya nne ndiyo niliyoichagua: LSD ya gia za mshazari. Haina sahani. Ndani ya keji yake (kasha la chuma) mna gia ndefu zenye meno yaliyolala, zimekaa kwenye mifuko ya chuma. Nguvu ya injini ikiingia, ule mshazari wa meno huzisukuma gia zibane kuta za keji, na kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo zinavyobana. Upande ulioanza kuteleza unazuiwa, upande unaoshika unaongezewa. Ukikata kona taratibu bila mzigo wa injini, zinaachia. Wazo hili lina ukoo mmoja na Torsen, jina lililoundwa kwa maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kuhisi nguvu ya msokoto. Vernon Gleasman wa Marekani aliliandikia hataza mwaka 1958.

Ina udhaifu mmoja ambao muuzaji hakuniambia, nimeusoma mwenyewe. Inazidisha kile ambacho gurudumu dhaifu limeshika. Gurudumu likiwa hewani kabisa limeshika sifuri, na sifuri ukiizidisha mara tatu bado ni sifuri. Nimeliandika hapa ili nisije nikashangaa baadaye.

Nimeanza na ekseli ya nyuma kwa sababu mzigo wangu wote unakaa juu yake. Ya mbele itabaki kama ilivyo, na usukani utaendelea kuwa mwepesi.

Jumamosi, 15 Februari

Imefika! Ilitua Entebbe, ikapita ushuru, na VAT ya asilimia 18 juu yake. Nikijumlisha bei yenyewe, usafiri na kodi, imenigharimu karibu shilingi 3,800,000. Ni pesa ya msimu. Mke wangu aliishika kwa mikono miwili akaipima uzito, akaniuliza kama ndani mna kitu kingine zaidi ya chuma.

Kabla ya kufungua bolti yoyote nimefanya jambo ambalo namwomba kila mtu alifanye: nimechukua hafushafti ya zamani ambayo fundi alikuwa nayo kwenye kona ya gereji, ya gari la aina hii hii, nikaihesabu meno ya mwisho wake. 30. Nikaisukuma ndani ya LSD mpya kwa mkono, upande mmoja, kisha wa pili. Iliingia laini bila kutikisika. Kama ingekataa, ningeijua leo juu ya meza, siyo wiki ijayo gari likiwa juu ya mawe.

Fundi wangu ni mzee wa miaka sitini na kitu, alianza kazi kwenye malori ya Bedford. Namwita Mzee, yeye ananiita mwanangu, na nimemwomba mambo mawili tu: tusifanye haraka, na kila kipimo kiandikwe. Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa mwanangu. Lakini daftari utashika wewe, mimi mikono yangu ina oili."

Jumamosi, 22 Februari

Siku ya kufungua. Gari juu ya stendi nne, siyo jeki. Jeki ni ya kunyanyulia, haiachwi ibebe gari watu wakiwa chini yake. Mawe mbele ya magurudumu ya mbele.

Oili ilitoka nyeusi na harufu ya kuungua. Kwenye nati ya kumwagia, yenye sumaku, palikuwa na unga wa chuma laini kama masizi. Hakuna vipande. Nimefurahi, maana vipande vingekuwa habari nyingine.

Kwenye ekseli hii hafushafti hutoka pamoja na beringi yake na sahani ya breki. Tumetoa dramu, tumefungua paipu ya breki na waya wa hendibreki, tumefungua nati nne nyuma ya sahani ya breki kila upande, tukavuta. Ya kushoto ilitoka. Ya kulia ilikuwa imeshikwa na kutu. Tulirudisha dramu kinyumenyume kwa nati mbili, tukaitumia kama nyundo ya kuvutia, ikaachia mara ya tano.

Halafu propela, shafti inayoleta nguvu kutoka giaboksi. Piga alama ya panchi kwenye flanji zote mbili za kiungo chake kabla hujaitenganisha, irudi kwa mkao ule ule.

Kwenye difu hii kichwa kizima (mwili unaobeba gia zote) kinatoka mbele ya hauzingi, huhitaji kuzipanga gia chini ya gari. Tulifungua nati zote za mzunguko. Kichwa hakikutoka, kimeshikwa na gasketi na umri. Mzee alikigonga kwa kipande cha mninga, taratibu, akizunguka, mpaka uzi mwembamba wa oili ulipoanza kushuka kwenye mshono. Ni kizito, tulikipokea watu wawili, taniboi na mimi, tukakilaza mezani kama mgonjwa.

Tukaenda kula kikomando, chapati na maharage, saa nane. Mikono yetu haikutakata hata kwa sabuni ya unga.

Jumapili, 23 Februari

Leo hatukufungua kitu, tumepima tu. Ni siku niliyojifunza mengi kuliko zote.

Kitu cha kwanza, alama. Vifuniko viwili vya beringi za pembeni vilichongwa kiwandani vikiwa vimefungwa mahali pake. Cha kushoto hakiwezi kukaa kulia. Tulipiga panchi tundu moja kwenye kifuniko cha kushoto na tundu moja kwenye mwili unaokikalia. Matundu mawili upande wa kulia.

Kitu cha pili, mchezo wa meno. Krauni (gia kubwa ya duara) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) hazikutani kwa kubanana. Lazima pawe na nafasi ndogo kati ya jino na jino ili oili ipite na chuma kipate pa kutanukia kikipata moto. Kwa difu hii ya inchi 8 kiwanda kinataka milimita 0.13 hadi 0.18. Karatasi ya kawaida ya daftari ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo tunazungumzia karatasi moja na nusu.

Mzee ana saa ya kupimia aliyoifunga kwa kitambaa cha fulana na kuiweka kwenye boksi la viatu. Mguu wake wa sumaku tuliukalisha kwenye ukingo wa kichwa cha difu, ncha yake ikagusa jino la krauni kwa pembe ya mraba. Mimi nimeshika flanji ya pinioni isitembee, yeye anatikisa krauni mbele na nyuma kwa vidole viwili. Sindano inakwenda na kurudi. Tulipima mahali pane: 0.21, 0.22, 0.21, 0.21. Imelika kidogo, lakini imelika sawasawa. Mzunguko haujapinda.

Nilihesabu na meno: krauni 41, pinioni 9. Hizi mbili hazibadiliki, zinarudi zote kama zilivyo, na pinioni hatuigusi kabisa. Ukiiacha pinioni na shimu zake (vyuma vyembamba vya kupangia mkao wake) mahali pake umejipunguzia nusu ya kazi.

Jumamosi, 1 Machi

Siku mbaya. Nilitaka beringi mpya za pembeni kwa kuwa za zamani zina mikwaruzo. Nilizinunua wiki hii dukani, boksi safi, namba imechorwa vizuri. Leo Mzee alipozishika alizizungusha karibu na sikio lake, akanipa na mimi. Moja ilikuwa ikikwaruza kama ina mchanga ndani. Tukapima kipenyo chake kwa kaliba: mahali pamoja na pengine hapalingani. Ni bandia.

Niliporudi dukani nikapewa nyingine, eti "nzuri zaidi", ghali mara mbili, ambazo hazikuingia kwenye shingo ya LSD. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho kingeniokoa safari: hizi difu za inchi 8 za Toyota zipo za aina zaidi ya moja. Zile zilizotoka na injini za V6 zina beringi kubwa zaidi za pembeni kuliko zetu. Muuzaji ukimwambia "difu ya Hilux" tu, anakupa anachokiona kwanza. Peleka beringi ya zamani mkononi.

Mvua ya kwanza imenyesha leo jioni. Wanale, mlima ulio juu ya mji, ulikuwa umefunikwa na ukungu wote, na maporomoko yake membamba yameanza kuonekana tena. Gari bado liko juu ya stendi.

Jumamosi, 8 Machi

Beringi sahihi zimepatikana Kampala, zimeletwa na basi la usiku.

Kazi ya leo ilianza na moto. Krauni inakaa kwenye keji kwa kubana, na haifai kuigonga kwa nyundo wala kuivuta kwa bolti zake, kwa sababu itakaa upande. Unaitanua kwa joto. Usiipige moto wa gesi. Meno yamepikwa kiwandani, na moto wa gesi utawaharibia ugumu wao. Dawa ni maji yanayochemka, hayavuki nyuzi 100, basi huwezi kukosea.

Tulikata debe la bati, tukaliweka juu ya jiko la mkaa, krauni ndani imening'inizwa kwa waya isikae chini. Mama anayetupikia gereji alikuja akachungulia akasema, "Leo mnapika nini, wanangu?" Taniboi akamwambia ni supu ya chuma. Maji yalipochemka tuliacha robo saa nzima. Mzee alikuwa amevaa glavu za kuchomelea. Aliivuta kwa waya, akaitikisa, na maji yaliyobaki yakakauka yenyewe mbele ya macho yetu, kutoka ukingoni kwenda ndani, mpaka chuma kikabaki kikavu na kijivu. Aliishusha juu ya keji. Ilishuka kwa sauti moja tu, tap, ikakaa. Sekunde thelathini baadaye ilikuwa imeshika, huwezi kuizungusha kwa mkono.

Bolti mpya 10, gundi nyekundu ya nyuzi, kwa mkono kwanza, kisha kwa msalaba, mara tatu, mpaka spana ya kupimia nguvu ikasema tiki kwenye Nm 97. Nilimwomba Mzee arudie mzunguko wa mwisho. Alirudia bila kunung'unika. Bolti ikilegea ndani ya difu huna difu tena.

Beringi ziliingia kwa presi. Kisha keji yote ikarudi kwenye kichwa, vikombe vya beringi, nati mbili za pembeni zenye noti (mikato ya kuhesabia), vifuniko kwa alama zake.

Hapo kazi yenyewe ikaanza. Nati hizi mbili za pembeni ndizo zinazoamua krauni ikae wapi. Ukiilegeza ya upande mmoja noti moja, lazima ukaze ya upande wa pili noti moja, ama sivyo unabadilisha na mkazo wa beringi bila kutaka. Mzee aliipanga kwa kidole gumba, kama alivyofanya miaka yote. Akatikisa krauni, akasikiliza, akasema imekaa. Tukaweka saa. 0.24.

Alinyamaza kidogo. Akarudisha kidole, akatikisa tena akiangalia sindano, mara nyingi, kama mtu anayefundisha kidole chake upya. "Basi hii ndiyo sifuri nukta mbili nne," akasema. Nilimheshimu zaidi leo kuliko siku zote.

Noti moja kuelekea pinioni: 0.09. Imebana mno, ingelia na kuungua. Vifungio vya nati hizi viko vya aina mbili ili uweze kusimama hata katikati ya noti. Tukarudi nusu: 0.16, 0.15, 0.16, 0.15. Niliandika kwa herufi kubwa.

Mkazo wa beringi: ukishafika mahali ambapo beringi hazina ulegevu kabisa, unaongeza noti moja hadi moja na nusu. Tuliongeza moja. Tukapima mchezo tena, kwa sababu kila unachogusa kinasogeza kingine. 0.15. Bolti za vifuniko Nm 78. Tukapima tena. 0.15.

Jumapili, 9 Machi

Rangi, ili kuona meno yanagusana wapi. Tulipaka meno manne ya krauni rangi ya mafuta ya njano, nyepesi, tukazungusha mbele na nyuma huku Mzee akizuia krauni kwa kipande cha mbao ili pawe na mzigo. Pinioni ikaacha alama yake. Ilitua katikati ya jino, umbo la yai, mbali na ukingo wa juu na mbali na mzizi. Ingekuwa imepanda ukingoni au imezama mzizini, pinioni ingehitaji shimu nyingine na tungeanza upya. Nimeipiga picha jino hilo la kwanza. Nimelitazama mara kadhaa jioni hii.

Jumamosi, 15 Machi

Tumefunga. Nyuso zote zimesuguliwa, silikoni nyembamba, kichwa kimerudi, propela kwa alama zake, breki zimetolewa hewa. Oili ya gia 80W-90 ya GL-5, ya kawaida, bila dawa ya LSD, kwa kuwa aina hii haina sahani za kuilainishia. Imeingia lita mbili na kidogo, mpaka ikaanza kumwagika yenyewe kwenye tundu la kujazia.

Gari likiwa bado juu, taniboi alizungusha gurudumu la nyuma la kushoto kwa mkono, la kulia likazunguka kinyume, kama zamani. Akanitazama kwa huzuni. "Bosi, haifanyi kazi." Nilimweleza: bila nguvu ya injini hakuna kinachozibana gia, kwa hiyo hewani inajifanya difu ya kawaida, ila nzito kidogo. Na nikamwambia jambo la pili kwa ukali, ili asilisahau: kuanzia leo, ukinyanyua gurudumu moja tu la nyuma, injini isiwashwe na gia ndani. Zamani lile la hewani lingezunguka bure. Sasa lile lililo chini linaweza kusukuma, na gari likaruka kwenye jeki.

Safari ya kwanza hadi Sironko na kurudi. Hakuna mlio. Kwenye kona sikuhisi chochote, na ndivyo nilivyotaka.

Jumatano, 19 Machi

Oili inavuja gurudumu la kulia. Nimetoa dramu na kuikuta viatu vya breki vimelowa. Kosa ni langu: niliirudisha hafushafti ile kwa pupa saa kumi na moja jioni, na meno yake yakachana mdomo wa sili mpya (mpira unaozuia oili). Sili nyingine, viatu vipya pande zote mbili, maana viatu vilivyokunywa oili havisafishiki. Safari hii nilikata ukanda wa chupa ya plastiki ya maji, nikauzungushia meno ule ukanda, nikaipitisha hafushafti kwenye sili, kisha nikauvuta ukanda nje. Ilichukua dakika mbili.

Jumamosi, 5 Aprili

Kilomita 800. Nimemwaga oili ya kwanza. Kwenye sumaku kuna unga wa kijivu, mwembamba, ule wa chuma kipya kinachozoeana. Nimeujaribu kati ya vidole: laini kabisa. Oili mpya imeingia.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimepanda Budadiri. Haikuwa lazima, mavuno makubwa bado, lakini kulikuwa na magunia 9 yaliyobaki na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Nilitaka mahali pale pale.

Ukingo wa shamba la ndizi upo. Mtaro umekuwa mkubwa zaidi. Wazee wawili walikuwa wamekaa chini ya paa la bati, wakaniita kwa salamu ya huku, "Mulembe!" Nikawajibu, nikawaambia nitapita. Mmoja akaingia ndani kutafuta jembe kabla sijaanza.

Gia ndogo, ya pili, mafuta kidogo. Gurudumu la nyuma la kulia likateremka mtaroni na kuanza kuteleza. Nikazuia mguu wangu usiachie. Nilisikia injini ikizama, halafu upande wa kushoto wa nyuma ukasukuma. Ulinigusa mgongoni kupitia kiti. Gari likapanda likijikuna ubavu kwenye majani ya mgomba, na mtaro ukabaki nyuma.

Nikarudi nikajaribu tena, safari hii nikalipeleka vibaya kusudi, mpaka gurudumu lile likaning'inia kabisa juu ya mtaro. Likazunguka bure, kushoto kimya. Sifuri mara tatu. Kwa hiyo nikavuta hendibreki noti mbili, ambayo kwenye gari hili inashika dramu za nyuma zote mbili. Lile la hewani likapata kitu cha kupigana nacho, gia zikabana, na la kushoto likaanza kusogea, polepole, kama mtu anayeamka. Mita moja. Mbili. Nikaachia hendibreki tairi la kulia lilipogusa ukingo.

Taniboi alikuwa amesimama juu ya barabara na kamba ya kuvutia mkononi. Aliikunja, akaitupa nyuma ya kebini, akapanda. Hakutazama mlima.

Tumefika Mbale saa kumi na mbili kasoro, bado kuna mwanga. Nimepima oili kwa kidole kwenye tundu la kujazia: imejaa, safi. Hakuna unyevu kwenye magurudumu. Nitaimwaga tena baada ya kilomita 5,000, na nimeandika kwa kalamu ya rangi ndani ya mlango wa dereva: 317,460.